Nafasi Iliyokwisha Kulipiwa

Mtu akisikia neno makaroni hapa kwetu hufikiria tambi nene zenye tundu katikati, zile zinazopikwa kwa nyama ya kusaga. Makaroni ninayoandika habari zake ni nyingine. Ni kitafunio kidogo cha Kifaransa cha vipande viwili vya duara, vyepesi, vyenye rangi, vilivyobandikwa pamoja kwa krimu au jamu. Majina hayo mawili yana asili moja katika lugha ya Kiitalia, lakini jikoni hayafanani hata kidogo.

Nilijifunza kuzioka nikiwa na miaka 47, miezi mitano baada ya kumzika mke wangu. Washarika kadhaa wameniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa mshangao, mchungaji alikuwa anatafuta nini katika darasa la mapishi kila Jumamosi alasiri, amefunga aproni katikati ya akina mama. Jibu fupi ni kwamba nafasi yangu ilikuwa imekwisha kulipiwa. Jibu refu ndilo hili.

Mke wangu aliugua mwaka mmoja na miezi kadhaa. Muda wote huo aliendelea kupanga mambo ya nyumba kama mtu anayejiandaa kwa safari. Mwezi wa kumi na moja aliona tangazo la darasa la kuoka mjini Arusha, Jumamosi nne, akalipa kwa simu nafasi mbili: moja yake, nyingine ya binti yetu aliyekuwa anamaliza kidato cha nne. Mwezi wa kumi na mbili tukamzika. Darasa lilipoanza, masika yalikuwa yamefika na binti alikuwa nyumbani akisubiri kwenda kidato cha tano. Siku moja alisimama mlangoni pa ofisi yangu usharikani akasema, "Baba, Jumamosi kuna darasa la mama. Twende." Nikasema, "Haya, mwanangu."

Nyumbani kwetu wakati ule kulikuwa na ukimya. Haukuwa ukimya wa ugomvi. Tuliulizana kuhusu nauli, chumvi, na kama maji yametoka bombani. Jina la mama halikutajwa. Mimi nimezika watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na maneno ya kaburini nayajua kwa moyo. Lakini siku ile nilikaa benchi ya wafiwa, mchungaji mwenzangu akaongoza ibada, na watu wakatupa pole kwa maneno ambayo sote huyatumia: kazi ya Mungu haina makosa. Walisema kwa upendo, nami naamini Mungu hakosei. Hata hivyo nilimwona binti yangu akiinamisha kichwa kila yaliposemwa, kama mtu anayeongezewa mzigo kichwani. Usharika mzima ulikuwa umeomba mama yake apone, kwa mfungo na kwa mikesha. Naye alikuwa ameomba kuliko wote.

Darasani tulikuwa watu kumi na mmoja: akina mama wanaouza keki, kijana mmoja wa jikoni katika hoteli ya watalii, binti yangu na mimi. Mwalimu alikuwa dada wa Kiislamu kutoka Tanga, umri wake haujafika thelathini na tano. Aliniamkia, "Shikamoo, Baba Mchungaji," nikaitika, kisha akanipa mizani na chekeche kama alivyowapa wengine. Nilishukuru kwa hilo. Mfiwa akiwa mchungaji, watu hawajui kama wamfariji au wasubiri yeye awafariji. Pale mezani nilikuwa mwanafunzi tu, na kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga.

Makaroni ina vitu vichache: gramu 100 za ute wa mayai, gramu 130 za unga wa lozi, gramu 130 za sukari ya unga, na gramu 100 za sukari ya kawaida. Hakuna unga wa ngano, wala hamira, wala chachu. Lozi na sukari ya unga huchekechwa pamoja. Ute hupigwa na kuongezwa sukari kidogo kidogo mpaka povu lisimame, kiasi kwamba ukipindua bakuli halianguki. Kisha vyote huchanganywa kwa mwiko kwa kukunja, taratibu. Hapo ndipo penye kazi. Ukikunja mara chache mno, vipande hutoka na mabonge na nyufa. Ukizidisha, rojo hutiririka na kutandaa kwenye trei. Kijana wa hoteli alikuwa akikoroga kwa nguvu, na mwalimu akamshika mkono. "Mdogo wangu," alisema, "povu halibembelezwi, lakini pia halipigwi ngumi."

Lozi zilinirudisha chuoni. Lozi zenyewe hatuzilimi. Mwalimu alituambia kwamba wao utotoni Tanga walipasua kokwa za mkungu kwa mawe na kula kiini chake, lakini mkungu wa pwani ni mti mwingine kabisa, si mlozi wa Biblia. Mlozi wa Biblia ni ule uliochanua katika fimbo ya Haruni, katika kitabu cha Hesabu sura ya 17, na vikombe vya kinara cha taa katika Kutoka 25 vilifanywa kwa mfano wa maua yake. Nao ndio mti ambao Yeremia aliuona alipoitwa akiwa bado kijana. Mungu alimwuliza anaona nini, naye akajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Mungu akamwambia ameona vema, kwa kuwa yeye analiangalia neno lake ili alitimize. Kwa Kiswahili hatuoni uhusiano kati ya mlozi na kuangalia. Kwa Kiebrania tunausikia mara moja: mlozi ni *shaqed*, na mwenye kuangalia, asiyelala, ni *shoqed*. Katika nchi ile mlozi huchanua kabla ya miti mingine, baridi ikiwa bado haijaisha. Ni mti unaoamka mapema.

Nilikuwa nimehubiri andiko hilo zaidi ya mara moja. Nikichekecha lozi Jumamosi ile nilifikiri juu ya jambo lililomfuata Yeremia. Aliyeambiwa kwamba Mungu anaangalia ndiye huyo huyo aliyepigwa, akafungwa katika mikatale, akatupwa katika shimo lenye matope, akaona Yerusalemu ikibomolewa. Mungu hakulala hata siku moja kati ya hizo. Kuangalia kwa Mungu hakukuwa na maana kwamba Yeremia hatalia, na kitabu chake kimejaa vilio. Sisi Walutheri tunapofundisha theolojia ya msalaba tunasema jambo hilo hilo: Mungu hupatikana pale ambapo macho yetu yasingemtafuta, katika udhaifu na mateso. Luther aliyefundisha hivyo mwaka 1518 kule Heidelberg, mwaka 1542 alimshika mikononi binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, akimfia. Alijua kwamba mtoto amekwenda kwa Bwana, na bado yeye na mkewe Katharina walilia sana. Imani yake haikumzuia kulia.

Jumamosi ya tatu ndipo tulipozungumza, binti yangu na mimi, na nafasi ya kuzungumza tuliipata kwa sababu ya mvua.

Vipande vya makaroni vikishakamuliwa kwenye trei, trei hugongwa mezani ili mapovu yatoke, kisha huachwa wazi. Haviingii katika oveni mpaka juu yake pafanye ngozi nyembamba isiyonata kidoleni. Siku ya jua huchukua nusu saa hivi. Hewa ikiwa na unyevu huchukua zaidi, na masika ya Arusha hayana haraka na mtu. Ngozi ile ndiyo inayozuia mvuke usipasue juu. Ndani ya oveni mvuke hutafuta njia ya chini, nao huinua kipande na kukifanyia ukingo wenye vitundu vidogo unaoitwa mguu. Trei ikiingizwa kabla ya wakati, vipande hupasuka juu na miguu haitokei. Hakuna ujuzi wa kufupisha kusubiri huko. Mwalimu alitandika mkeka chumba cha nyuma akaswali alasiri. Sisi tulitoka barazani kutazama mvua.

Binti yangu alisema, "Baba, mama alijua kwamba hatakuja."

Nikamwuliza amejuaje.

"Aliniambia siku aliyolipa. Alisema, 'Nikiwa sipo, nafasi yangu atakaa baba yako. Msiache kwenda.' Nilikuwa naogopa kukwambia."

Sikuweza kujibu kwa muda. Baadaye akauliza, "Uliomba apone?"

"Niliomba kila siku."

"Mungu alisikia?"

Wapendwa, swali hilo nimeulizwa mara nyingi na wafiwa, na ninayo majibu ya kitabuni, mengine mazuri. Binti yangu hakuwa anauliza mchungaji. Nikamwambia nililokuwa nalo: "Alisikia, mwanangu. Kwa nini hakufanya tulichomwomba, sijui. Hata Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Lakini hakuacha kumwita Baba." Akaniegemea begani akalia, nami nikalia. Ndani akina mama walituona kupitia dirishani, na hakuna aliyetoka kutunyamazisha. Mvua ilipopungua mwalimu alituita. Ngozi ilikuwa imekauka. Trei zikaingia ndani, nyuzi joto 150, robo saa, na miguu ikatokea.

Katika juma lililofuata nilisoma habari za masista wawili Wabenediktini wa mji wa Nancy, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Mapinduzi ya nchi ile yalipovunja mashirika ya kitawa, mwaka 1792, masista walitolewa katika nyumba zao. Hao wawili walibaki bila konventi, bila kazi, bila kipato. Walichokuwa nacho ni namna ya kuoka makaroni, wakaanza kuzioka na kuziuza ili waishi. Watu wa mji wakawaita Masista wa Makaroni, na mpaka leo mtaa wa Nancy una jina lao. Makaroni zao zilikuwa za kawaida, hazina krimu katikati.

Habari hiyo ilinigusa kwa sababu sisi wa Matengenezo tunamkumbuka mtawa mwingine aliyetoka konventini, Katharina von Bora. Yeye alitoka kwa hiari, akaolewa na Luther mwaka 1525, akaendesha nyumba kubwa kule Wittenberg kwa bustani, mifugo, na pombe aliyoitengeneza mwenyewe. Hao wa Nancy walifukuzwa. Njia zao ni tofauti, lakini wote walifika mahali ambapo maisha ya zamani yamekwisha na kesho bado inadai chakula. Mungu aliwashika kwa kazi ya mikono yao. Kanisa letu hufundisha kwamba wito hauishii madhabahuni, kwamba mama anayemwogesha mtoto na fundi anayepiga randa wanamtumikia Mungu pale pale walipo. Mimi nimelifundisha hilo kipaimara kwa miaka ishirini. Katika darasa lile nilihudumiwa na watu wa wito huo, na mmoja wao hakuwa wa imani yangu.

Jambo la mwisho alilotufundisha mwalimu ni kwamba makaroni hailiwi siku inapookwa. Ikishabandikwa krimu huwekwa katika friji saa 24, ili unyevu wa krimu uingie polepole na kipande kilainike ndani. Ukiila mapema ni kavu na tamu mno. Kesho yake ni kitu kingine.

Basi zetu, zenye krimu ya pesheni, tulizioka Jumamosi ya mwisho na kuziacha zilale mpaka Jumapili iliyofuata darasa. Binti yangu alizipeleka kanisani kuwa sadaka. Baada ya ibada, kwenye mnada wa mazao, ziliwekwa kati ya mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mwenye hasira. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliziinua akauliza kama ni sabuni, na watu wakacheka. Binti yangu akasema kwa sauti iliyofika nyuma, "Ni makaroni. Ni sadaka ya mama yangu." Akalitaja jina la mama yake kamili. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutamkwa na mmoja wetu mbele za watu tangu mazishi. Mnada ulisimama kidogo, kisha akina mama wa Umoja wa Wanawake wakaanza kupandishiana bei.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wasomaji wangu. Sisi Wakristo wa huku tunajua kukaa matanga. Tunapika, tunaimba, tunachanga, tunalala chini kwa wafiwa. Kisha turubai hukunjwa, viti hurudishwa, na kila mtu huenda kwake. Ukimya mzito huja baadaye, mwezi wa tatu, mwezi wa tano, wakati hakuna anayepiga hodi. Andika tarehe ya msiba katika kalenda yako, na miezi mitano ikipita nenda. Usiende na mahubiri. Nenda na kazi ya kufanya pamoja: kupalilia, kusonga ugali, kuchambua mchele, kuoka. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hupata ujasiri. Na ukifika, litaje jina la marehemu. Usiogope kumkumbusha mfiwa msiba wake, kwa maana hajausahau.

Mke wangu alinilipia nafasi ambayo sikuiomba na nisingeweza kumrudishia gharama yake. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda na kukaa. Sijapata namna bora zaidi ya kueleza neema kwa watoto wa kipaimara, na mwaka huu ndivyo nitakavyowaeleza.