Chungu Kimoja cha Watu Sita

Mwezi wa Julai, mwaka 2023, tulisafiri walimu sita kutoka Kenya kwenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kwa mafunzo ya majuma matatu. Nilikuwa sijapata kuvuka bahari. Nilifunga nguo za baridi, nikafunga na majani ya chai. Lakini sikufikiri hata kidogo jinsi nitakavyopata habari za nyumbani.

Usiku wa kwanza niliiacha laini yangu ya Kenya ikitumia mtandao wa ugenini. Mimi nililala, walakini simu haikulala. Ilikesha ikipokea picha na kusasisha programu zake. Laini ya nchi moja inapotumia minara ya nchi nyingine, wenye minara humtoza mwenye laini, naye humtoza mteja wake. Basi kulipokucha, salio nililoliweka kwa majuma yote matatu lilikuwa limekwisha.

Katika kundi letu alikuwamo mwalimu wa hesabu, mama wa makamo mwenye maneno machache. Aliposikia kilio changu alisema, "Walimu wenzangu, kila mtu akipika chungu chake, kuni zitatumaliza. Na tupike kimoja."

Tulikwenda dukani tukanunua ruta ndogo isiyotumia waya, sawa na kipande cha sabuni kwa ukubwa, kwa yuro 48. Kila mmoja akatoa 8. Kabla ya kulipa, Mama aliuliza mambo mawili: je, chombo hiki hukubali laini za kampuni zote, au kimefungwa kwa kampuni moja? Na betri yake hudumu saa ngapi? Kisha tukanunua laini ya Ujerumani yenye bando la gigabaiti 10 kwa yuro 15. Muuzaji alitaka pasipoti, maana tangu mwaka 2017 sheria ya nchi ile hairuhusu laini ya kulipia kabla kufunguliwa mpaka mwenyewe athibitishwe.

Kazi ya chombo kile ni nyepesi kuelewa. Laini hutiwa ndani yake. Chenyewe huwasiliana na mnara kama simu, kisha husambaza mtandao kwa mawimbi ya redio kwa simu zilizo karibu, kwa neno la siri. Simu nayo yaweza kufanya hivyo, lakini betri yake hufa upesi, na mwenyewe akitoka huwaacha wenziwe bila mtandao. Tulipatana sharti moja: barua na mazungumzo, ruhusa, sinema, marufuku.

Hapa, msomaji, naona haya kuendelea. Ijumaa moja usiku niliichukua ruta chumbani kwangu, nikisema naichaji. Nikatazama sinema mpaka alfajiri. Saa moja ya picha safi huweza kula gigabaiti nzima na zaidi. Nami sikuhesabu saa.

Asubuhi tulipanda basi dogo la kukodi kwenda Szczecin, mji wa Poland, mwendo wa kilomita 150 hivi. Kijana wetu mmoja alikuwa amemwacha mkewe hospitali huko Voi, siku zake zimetimia. Akafungua simu, kimya. Akaipangusa kwa shati, akajaribu tena. Mama akaitazama ruta, akasema polepole, "Haikuharibika. Bando limekwisha."

Hakuna aliyenishuku. Ningaliweza kunyamaza. Lakini nilipoiona mikono ya yule kijana ikitetemeka, ulimi ulinifunguka. "Ndugu yangu," nilisema, "ni mimi niliyelimaliza." Hakunijibu. Aligeuza uso akatazama mashamba.

Tuliposimama penye kituo cha petroli, nilishuka mbio nikanunua vocha kwa fedha yangu. Tulivuka mpaka, na laini haikukatika wala haikutozwa ada ya ziada. Kwani tangu tarehe 15 Juni, 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ya kwao, madhali matumizi ni ya kiasi. Uswisi na Uingereza hazimo katika umoja huo, na aendaye huko hana budi kuuliza bei kwanza.

Huko Poland ndiko habari ya Voi ilikotufikia: mtoto wa kike, na mama mzima. Kijana alilia, akanishika mkono bila neno. Mama ndiye aliyesema: "Mwalimu, chungu cha wengi hakipakuliwi gizani."

Ninyi mtasafiri siku moja. Zimeni mtandao wa laini ya nyumbani kabla ya kuvuka mpaka, ulizeni bei, nunueni kwa shirika. Lakini anayeshika chungu cha wenziwe na ajue kwamba njaa yao iko mkononi mwake.