Mluzi wa Turbo na Karo ya Watoto

Iwapo nyumbani kwenu kuna pikapu ya dizeli inayowalisha, huenda siku moja ikaanza kulia kama king'ora cha polisi kila inapopanda mlima. Mwenye gari atakimbilia gereji, na huko aghalabu atapewa jibu moja tu: "Turbo imekufa, tafuta nyingine." Kabla hajafungua kibeti, hebu mshike mkono.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga kama ya feni, yaliyounganishwa kwa shafti moja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. La pili hufyonza hewa na kuishindilia ndani ili dizeli iungue vyema. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili wazo hilo mwaka wa 1905. Hapa Kitale, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na msaada huo huonekana bayana. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili, basi.

Kaka yangu huchukua kabichi na viazi Kitale na kuviuza Bungoma, akipitia Kiminini na Webuye. Januari moja, wiki ya kufungua shule, pikapu yake ilianza kupiga mluzi na kutoa moshi mweusi, kila kilima kikawa cha kupandwa kwa gia ya pili. Gereji moja ilimwitisha shilingi 70,000 za turbo, tena bila kufungua chochote ila boneti. Pesa hizo ndizo zilizokuwa karo ya wanawe wawili. Mkewe alinijia akiwa amekasirika. "Wifi, sema na ndugu yako. Watoto wakikaa nyumbani muhula mzima, hiyo turbo ndiyo itakayowafunza kusoma?"

Tuliteremka naye polepole hadi Bungoma kwa fundi mmoja mzee. Kwa muda hakugusa spana, alisikiliza tu. Kisha akaniambia, "Binti yangu, huu ni mluzi wa upepo, si wa chuma." Alichanganya maji na sabuni, akaipaka ile paipu nene ya mpira inayopeleka hewa kwenye injini, akamwambia kaka akanyage mafuta. Povu likafura kando ya klipu. Paipu ilikuwa na ufa! Paipu nyingine, klipu mbili na filta mpya ya hewa, maana ile ya zamani ilikuwa imeziba kwa vumbi, vyote havikufika shilingi 5,000.

Kwa hivyo, mluzi ukiandamana na moshi mweusi na gari kukosa nguvu, anza na mipira, klipu na filta. Ukisikia "tak tak" na kuona masizi kwenye maungio ya ekzosi, yamkini gasketi imeungua. Lakini moshi wa samawati, oili inayopungua bila kudondoka chini, au chuma kukwaruza chuma, hayo ni mambo mengine. Zima injini, iache ipoe kabisa, fungua paipu ya hewa na ushike ncha ya shafti. Ikicheza kidogo upande kwa upande, usishtuke, ndivyo ilivyoundwa. Ikisukumika ndani na nje, au mapanga yakigusa ukuta, basi turbo imekwisha kweli. Kamwe usitie kidole humo injini ikinguruma.

Hata hapo, muulize fundi: imeuawa na nini? Hapa ndipo ninapogombana na magereji mengi. Mara nyingi turbo hufa kwa sababu ya oili chafu, au paipu ya oili iliyoziba. Asiyeisafisha paipu hiyo na kubadilisha oili na filta yake atakufungia turbo mpya nayo itafuata ya kwanza kaburini. Na madereva wetu wa matatu! Hufika steji mbio na kuzima papo hapo, oili ikabaki kuungua ndani ya turbo yenye moto. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ingurume taratibu zingetosha.

Turbo iliyovunjika huweza pia kumwaga oili ndani ya injini ya dizeli, nayo injini ikaanza kuunguza oili hiyo. Ukizima ufunguo, haizimiki, inazidi kunguruma. Gari likiwa la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia kubwa kabisa, kisha uachie klachi ili izimike. Ikikataa, washushe watoto upesi, msimame mbali nalo.