Bei ya Gramu Moja ya Protini

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, mpwa wangu, kijana wa mwaka wa pili wa chuo, alifika nyumbani kwangu akiwa na kopo jeusi kwapani. Aliniamkia, nikaitikia, akaketi kimya. Nilidhani amefuata chakula cha mchana, kwani wanafunzi wa bweni wana pua kali kwa siku za mwisho wa juma. Kumbe alikuja na shauri.

“Mjomba, naomba unisindikize dukani. Nikienda peke yangu hawatanisikiliza.”

Kopo lile lilikuwa la unga wa protini ya maziwa, unaotumiwa na watunisha misuli. Alikuwa amelinunua siku nne kabla kwa shilingi 135,000, fedha zilizotoka moja kwa moja katika bumu lake. Alipolifungua alikuta unga umeshikamana mabonge na unanuka uchachu. Chini ya kopo palikuwa na kibandiko chenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Alikikwangua kwa ukucha, na chini yake ikatokea tarehe nyingine, iliyokwisha kupita miezi tisa.

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililolifanya ni kumgombeza. Nilimuuliza kwa nini mtoto wa mkulima anunue unga wa kigeni ilhali chini ya kitanda chake bwenini kuna debe la maharage aliyotumiwa na mama yake kutoka Mbeya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa adabu: “Mjomba, wenye shahada tutakuwa wengi. Baunsa wa ukumbi analipwa kila wiki, na hawamchukui mwembamba.”

Sikuwa na jibu. Mimi hufundisha darasa lenye mamia ya vijana, na kila mwaka huwahimiza wawekeze katika akili zao. Huyu alikuwa amelitazama soko la ajira akaona linavyompima, akaamua kuwekeza katika kifua na mabega. Kwa wiki tatu alikuwa akila mlo mmoja kwa siku ili fedha ya kopo itimie. Yaani alijinyima chakula ili anunue chakula cha nyongeza.

Tulikwenda dukani. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye mikono minene kama mchi, aliniamkia kwa heshima na kutusikiliza bila fujo. Kisha alionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilimwonyesha tarehe mbili, moja juu ya nyingine. Alisema kopo huenda halikutoka kwake. Nikamgeukia mpwa wangu: “Risiti iko wapi?”

Kijana aliinama. Muuzaji ndiye aliyejibu: “Mzee wangu, dogo mwenyewe alitaka bei ya bila risiti. Yenye risiti ni laki na hamsini.”

Kwa hiyo kijana aliokoa shilingi 15,000, akapoteza 135,000. Lakini muuzaji hakutaka tuondoke na kinyongo. Alitutolea kopo lingine, kubwa kama ndoo, la unga wa kuongeza uzito, akasema kwa kuwa mimi ni mtu mzima atatupa kwa shilingi 180,000 badala ya 210,000. “Hili ndilo lenye faida, mzee. Kilo karibu tatu!”

Nililigeuza nikasoma lebo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hesabu niliyoifanya pale kaunta inamfaa yeyote anayenunua bidhaa hizi. Bei ya kopo haitwambii kitu, wala uzito wake. Linalotakiwa ni kujua gramu ngapi za protini zimo katika kipimo kimoja, kopo lina vipimo vingapi, kisha bei igawanywe kwa jumla ya protini.

Ndoo ile ilikuwa na vipimo 8 tu, kila kimoja gramu 334, na katika hizo protini ilikuwa gramu 50. Jumla ni gramu 400, kwa hiyo kila gramu ya protini ingetugharimu shilingi 450. Sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa wanga uliosagwa. Huo mpwa wangu anaupata katika ugali, tena kwa bei ya ugali. Kopo alilolinunua yeye lilikuwa na vipimo 28 vya gramu 24 za protini, jumla gramu 672, sawa na shilingi 201 kwa gramu. Rafuni palikuwa na kopo la kilo 2 na robo la aina hiyohiyo, vipimo 71, kwa shilingi 270,000. Hilo lilitoka shilingi 158 kwa gramu. Ndoo iliyosifiwa kwa unafuu, basi, ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote.

Tuliondoka mikono mitupu. Njiani tulipitia sokoni, nami nikaendelea na hesabu ileile. Trei ya mayai 30 ilikuwa shilingi 10,000. Yai moja lina protini kama gramu 6, kwa hiyo gramu moja ni shilingi 56. Lita ya maziwa, shilingi 2,500, ina takriban gramu 33. Gramu moja ni shilingi 76. Kilo ya dagaa wakavu, shilingi 12,000: tukikadiria kwa uchache kuwa nusu ya uzito wao ni protini, gramu moja ni shilingi 24. Kilo ya maharage, shilingi 3,200, ina takriban gramu 210. Gramu moja ni shilingi 15. Na yale ya dada yangu yaliyo chini ya kitanda hayana bei.

Mpwa wangu alinipinga, na alikuwa na haki. Alisema mwalimu wake wa mazoezi huwaambia kuwa protini ya maharage si kamili. Ni kweli kwamba maharage yana upungufu wa methionini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Mahindi nayo yana upungufu wa lisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Wapare na majirani zao hawakungoja maabara iwafundishe hilo. Chakula hicho huitwa makande, na wengi wetu tulikila shuleni huku tukinung'unika.

Jioni ile tulikaa mezani na karatasi. Kijana ana kilo 60. Mtu mzima wa kawaida anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili, na anayenyanyua vyuma kwa bidii anashauriwa apate kati ya gramu 1.4 na 2. Kwake yeye hizo ni gramu 84 hadi 120 kwa siku. Tuliorodhesha mayai mawili, sahani ya makande yenye gramu 100 za maharage na 150 za mahindi, gramu 50 za dagaa, nusu lita ya maziwa na konzi ya karanga. Jumla ilifika gramu 95 hivi, kwa gharama ya takriban shilingi 3,200 bila kuhesabu mkaa, mafuta na chumvi. Kipimo kimoja cha kopo lake, chenye gramu 24, kilimgharimu zaidi ya shilingi 4,800.

Sisemi kwamba unga huu ni ulaghai. Umetokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini, na ni protini bora kabisa. Mwenye kipato, asiye na muda wa kupika, anayejua anachonunua, hafanyi kosa. Kretini ya kawaida nayo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, imefanyiwa utafiti mwingi na inawasaidia wanyanyuaji, na hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa aina zenye majina marefu. Swali langu ni jingine: mnunuzi atajuaje kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo?

Jambo hili lina historia. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, alichapisha njia ya kupima naitrojeni, na hadi leo viwanda vingi hukadiria protini kwa kuzidisha naitrojeni hiyo kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi naitrojeni ya protini na naitrojeni nyingine yoyote. Mwaka 2008 huko China wafanyabiashara walitia melamini katika maziwa ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafariki. Katika unga wa misuli, hila hiyo hufanywa kwa asidi amino za bei nafuu kama glisini, ambazo huongeza tarakimu ya protini kwenye lebo bila kuongeza protini yenyewe. Huko Marekani, zinakotengenezwa nyingi ya bidhaa hizi, sheria ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kupata kibali cha usalama kabla ya kuuza virutubisho vyake. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko imetoa onyo mara nyingi kuhusu bidhaa za misuli zilizokutwa na steroidi ambazo hazikutajwa popote kwenye lebo.

Kwetu Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA, yenye kushughulikia dawa na vifaa tiba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria, basi, zipo. Ila kopo lile hupita katikati ya mikono: muuzaji akilisifia, hulisifia kama dawa, akiulizwa dhamana, husema ni chakula tu.

Jumatatu tulilipeleka kopo katika ofisi moja ya umma. Mtumishi aliyetupokea alikuwa mwungwana. Alilipiga picha, akaandika jina la duka, akauliza kwa upole: “Risiti mnayo?” Tulipojibu hatuna, aliweka kalamu chini kwa muda. Akasema malalamiko atayapokea, lakini bila risiti ni vigumu kuthibitisha kuwa kopo lilitoka pale. Hadi naandika haya hatujapata jibu, na siwezi kumlaumu.

Siwezi kumlaumu kwa sababu miaka miwili iliyopita mimi mwenyewe, mwalimu wa chuo kikuu, niliinunua jokofu langu kwa bei ya bila risiti. Nilifurahi, nikaisimulia habari ile kwa wenzangu kama ushindi, na mpwa wangu alikuwapo sebuleni akisikiliza. Jumamosi ile nilipomgombeza hakunikumbusha. Alinikumbusha Jumatatu, tulipokuwa tukisubiri daladala: “Lakini mjomba, hata wewe jokofu…” Hakuimalizia sentensi, na sikumtaka aimalizie.

Tumezoea kuiona stakabadhi kama karatasi ya serikali, kipande cha kodi tunachokikwepa kwa pamoja, muuzaji na mnunuzi, huku tukikonyezana. Tunasahau kwamba ndicho kipande pekee kinachosema: mimi nilinunua, yeye aliuza, siku fulani, kitu fulani. Tukikiuza kwa shilingi 15,000, tumeuza na haki ya kulalamika. Kisha tunailaumu serikali kwamba haitulindi, nayo hata ushahidi hatujaiachia. Na ninyi mlio katika ofisi za umma, hili halikuondoleeni wajibu. Kibandiko kilichobandikwa juu ya tarehe kinaonekana kwa macho, na duka lile liko barabarani. Mkaguzi hahitaji risiti ya mpwa wangu ili aingie na kuyageuza makopo yaliyo rafuni.

Kwa vijana wanaonisoma, na najua wengi wenu mko jimu jioni hii, nawasihi haya machache. Msinunue kabla ya kugawa bei kwa gramu za protini. Tazameni kizibo cha ndani na namba ya toleo, na mkwangue kila kibandiko kilichokaa juu ya tarehe. Someni orodha ya viungo, kwani huanza na kilicho kingi. Sukari au wanga ukitangulia, mnanunua uji. Lebo inayotaja mchanganyiko bila kusema kila kiungo kina kiasi gani, iacheni. Anayewanong'oneza habari za vidonge vya chini ya kaunta, mkimbieni. Na daini risiti hata kama bei itapanda.

Mpwa wangu hakuacha mazoezi. Sasa huja kwangu Jumapili, tunapika makande ya juma zima katika sufuria kubwa, naye hubeba sehemu yake kwenye vyombo vya plastiki na kuigandisha katika jokofu langu lisilo na stakabadhi. Debe la mama yake limefika nusu. Dada alipopiga simu akauliza kama maharage yanaliwa, kijana alimjibu kwamba yamekaribia kwisha, atume mengine. Dada alicheka sana kwenye simu. Habari ya kopo hatujamwambia.