Sumaku Hugeuka, Ardhi Haipinduki

Msimu uliopita uvumi mmoja ulienea hapa kwetu Singida, ukaanzia sokoni na kuingia hadi kwenye vikao vyetu vya akina mama kanisani. Ilisemekana kwamba kaskazini na kusini vitabadilishana mahali, na siku hiyo ardhi itapinduka kama chungu, maji ya ziwa Singidani yatamwagika na giza litatanda siku tatu. Wengi walicheka. Lakini kliniki tulimpokea mama aliyechelewa miezi mitatu kumleta mtoto kwa chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Tulipomwuliza sababu alijibu kwa upole, "Nesi, kuna faida gani, na dunia yenyewe inaisha mwaka huu?" Hata shamba lake la alizeti alikuwa hajalilima.

Uvumi huu una punje ya ukweli ndani yake. Tukimwambia mama huyo kwamba yote ni uongo, kisha akasikia redioni kuwa kaskazini ya sumaku iliwahi kweli kugeuka, hatatuamini tena hata tukisema habari za chanjo.

Chini sana, yapata kilomita 2,900 kutoka tunapokanyaga, kuna chuma kilichoyeyuka, nacho hujizungusha kama uji unaochemka. Mwendo huo ndio unaoifanya dunia kuwa sumaku kubwa. Mkitaka kuiona nguvu hiyo jikoni, chukueni sindano ya kushonea, isugueni mara nyingi kwa kuelekea upande mmoja juu ya sumaku ya spika ya redio mbovu, kisha iwekeni juu ya jani jepesi linaloelea katika bakuli la plastiki lenye maji. Itageuka yenyewe na kutulia, ncha moja kaskazini na nyingine kusini. Watoto hulipenda sana jambo hili.

Mawe ya volkano nayo yana chembe za chuma. Lava inapopoa, chembe hizo hushika mwelekeo wa sumaku ya wakati ule na kuutunza. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alikuta mawe yaliyoelekea kinyume. Na hapa ndipo nchi yetu inapoingia. Katika bonde la Olduvai kule Ngorongoro, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, wataalamu Sherman Grommé na Richard Hay waliipima lava ya kale na kutoa taarifa mwaka 1963. Lava hiyo ilielekea kaskazini kama sumaku ya leo, ingawa ni ya zama ambazo kwa sehemu kubwa sumaku ilikuwa kinyume. Kipindi hicho kifupi, tangu miaka milioni 1.95 hivi hadi milioni 1.77 iliyopita, wataalamu wa dunia nzima hukiita Olduvai. Ni watoto wetu wangapi wanaolijua hilo?

Sumaku iligeuka kabisa kwa mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita. Ardhi haikupinduka, wala jua halikuhama mashariki. Tena kugeuka huko huchukua maelfu ya miaka. Nguvu ya sumaku hupungua kwanza, na leo jambo hilo lingesumbua setilaiti na mitambo ya umeme. Lakini pale Olduvai zana za mawe zimo katika matabaka ya kabla na ya baada ya kipindi kile kwisha. Walioishi pale waliendelea kuchonga mawe yao na kulea watoto.

Tunajua baadhi yenu mtasita mkisoma hiyo miaka milioni. Kikundi chetu kiliijadili hadi chai ikapoa, na hatukukubaliana sote. Ila hakuna aliyebisha kwamba Mungu aliyemwahidi Nuhu kuwa kupanda na kuvuna havitakoma hakuweka sharti la sumaku.

Siku hizi bakuli na sindano tunakwenda navyo vijijini pamoja na kadi za chanjo. Bibi mmoja aliitazama sindano hadi ikatulia, akauliza kama itageuka kabla ya mavuno. Tukamwambia hata wajukuu wa wajukuu zake hawatauona mwisho wa kugeuka huko. Akasema basi, nani kati yetu ana mbegu ya alizeti ya kumkopesha.