Waliofungwa na Siri Moja

Msichana wa miaka 15 huandika nini usiku, nyumba nzima ikiwa imelala? Wapo wanaoandika shairi. Wapo wanaoandika jina la mtu, kisha wakalifuta kabla hakujakucha. Salme binti Said, mwaka 1859, katika mji wa Unguja, aliandika barua za kuagiza bunduki na baruti. Zilikuwa za kumng'oa kitini kaka yake, Sayyid Majid, ambaye aliwahi kukaa naye nyumba moja, akamfundisha kushika upanga na kulenga shabaha.

Watu wengi wanamjua Salme kwa kisa kingine. Ndiye binti wa mfalme aliyempenda Mzungu, akatoroka, akaitwa Emily Ruete. Kisa hicho kinapendeza kusimuliwa. Mimi lakini hunirudia yule wa kabla ya hapo, mtoto mwenye wino vidoleni, anayeandika huku akisikiliza nyayo nje ya mlango.

Kuandika kwenyewe alikuwa amekuiba. Wakati ule wasichana walifundishwa kusoma Qurani, wakaishia hapo. Kalamu ilikuwa ya wavulana. Salme akauweka msahafu mbele yake, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akawa anaiga herufi moja baada ya nyingine mpaka mkono ukatii. Siri yake ya kwanza duniani ilikuwa elimu. Nani angethubutu kumlaumu kwa siri kama hiyo?

Lakini katika nyumba ambamo watu wanapanga jambo la kufichwa, anayejua kuandika ana thamani kuliko mwenye jambia. Karani wa nje atauza habari. Ndugu wa damu hatauza. Hivyo ndivyo walivyofikiri, na kalamu ile iliyojifunza kwa kumtazama Mwenyezi Mungu katika maneno yake ikatumwa kazi nyingine.

Baba yao, Sayyid Said, alikuwa amefia baharini Oktoba 1856, melini, akirejea kutoka Maskati. Aliacha dola moja yenye pande mbili zilizotenganishwa na maji, na watoto wengi wa mama mbalimbali. Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Unguja. Ndugu yao Barghash, aliyekuwa na baba melini siku ile, akabaki na urithi wa mtoto wa mfalme na moyo wa mfalme. Moyo wa namna hiyo unatulizwa na nini?

Mwaka 1859, mwaka huo wa njama ya Barghash dhidi ya Majid, kipindupindu kilikuwa kimemchukua mama yake Salme, Jilfidan. Akabaki yatima. Dada yake kwa baba, Bi Khole, mwanamke mzuri wa sura na mwenye nguvu ya maneno, akampokea. Yatima hutafuta bega la kuegemea, na bega la Khole lilikuwa upande wa Barghash.

Nimejiuliza sana: Salme alimchagua Barghash, au alimchagua Khole? Sioni popote kwamba alimchukia Majid. Nadhani alichokiogopa ni kuachwa tena. Wangapi kati yetu tumeingia katika mashauri ya gizani kwa sababu hiyo tu, kwamba aliyetualika ndiye aliyetukumbatia siku ya msiba?

Njama ikajulikana. Majid akaizingira nyumba ya Barghash kwa askari, aliyemo asitoke, wa nje asiingie. Ndipo Khole na Salme walipofanya jambo ambalo mabibi wa kasri hawakuwa wakilifanya. Walitoka usiku na msafara wa wanawake, wakawaendea askari wenyewe, wakazungumza nao, wakaruhusiwa kuingia kumwona ndugu yao. Ndani, Barghash akavishwa nguo za kike, akatandwa mpaka yakabaki macho. Mdogo wao Abdulaziz, mtoto tu, akatoka naye. Na kwa kuwa Barghash alikuwa mrefu, walichaguliwa wanawake warefu kuliko wote, wakawekwa ubavuni mwake, ili kimo chake kipotee katikati ya vimo vyao.

Nimekaa sana na msafara huu. Nawaona wale wanawake warefu, watumishi waliopangwa kulia na kushoto, wasioulizwa kama wanataka. Nawaona askari wakipisha njia. Walipisha kwa sababu ya adabu. Walifundishwa kwamba mwanamke aliyejisitiri hapekuliwi, kwamba bibi wa nyumba ya kifalme hasimamishwi barabarani akahojiwa. Barghash alipita katika mlango wa adabu hiyo.

Ndiyo maana siamini kwamba njama hulishwa na uongo peke yake. Hulishwa na wema wa watu: heshima yao, imani yao, desturi zao nzuri. Baada ya usiku ule, je, askari wa Unguja waliupisha tena msafara wa mabibi bila kuwatazama mara mbili? Kuna vitu vilivyokufa usiku ule kabla ya mtu yeyote kupigwa risasi.

Kisha risasi zikaja. Barghash na watu wake walijikusanya katika shamba la Marseille, lililopewa jina hilo na marehemu ndugu yao Khalid kwa kuipenda kwake Ufaransa. Majid akawaendea, Waingereza wakamsaidia kwa wanamaji wao. Shamba likavunjwa, watu wakafa. Waliokufa Marseille hawakuwa na kiti cha kurithi. Barghash akakimbilia mjini, akasalimu amri, akapelekwa Bombay.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 1861 alikuwa ni Lord Canning, gavana wa Uingereza kule India, aliyeamua kwamba Unguja na Maskati ziwe dola mbili, na moja iilipe nyingine kila mwaka. Watoto wa baba mmoja walikuwa wameshindwa kugawana, basi akagawa mgeni.

Na Salme? Majid angeweza kumfunga. Angeweza kumnyang'anya mashamba. Hakumfanya lolote. Msichana akajitenga, akakaa mashamba, Kisimbani kisha Bububu, akisikiliza bahari. Baadaye Majid akataka nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza. Salme akaiachia, akarudi mjini, na kaka na dada wakaonana tena. Kwa hilo, Khole na walio upande wa Barghash wakamkasirikia wasimsamehe.

Hapa ndipo ninapokwama kila mara. Aliyesalitiwa alisamehe. Waliosaidiwa hawakusamehe. Kwa nini?

Labda watu waliofungwa na siri moja hawapendani kama wanavyodhani. Kila mmoja ameshika uhai wa mwenzake mkononi, na huo mkono uliokaza, kwa mbali, unaonekana kama kukumbatiana. Siku mmoja anapoulegeza, hata kwa jambo dogo, hata kwa nyumba ya Bububu, wenzake wanahisi kisu.

Siri ya pili ilikuja na mapenzi. Nyumba aliyohamia mjini ilikuwa jirani na ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Mapaa yalikaribiana, la Salme juu kidogo kuliko la jirani. Wanawake wa mjini wakati ule walipanda darini jioni kupunga upepo. Nani wa kwanza alimwona mwenzake? Salamu ya kwanza ilikuwa ya lugha gani? Salme alikuwa ameshajifunza, tangu miaka ile ya barua, namna ya kuishi maisha mawili bila uso kusema. Yawezekana mtu aliyefunzwa njama akiwa mtoto akapenda kwa njia nyingine yoyote?

Akawa mjamzito. Usiku wa Agosti 24, 1866, akapanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Mei 30, 1867, alibatizwa, akaolewa siku hiyohiyo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Aden, akafa kabla ya kufika Hamburg. Katika miezi ya kati, Ruete alibaki Unguja akifunga biashara zake, chini ya pua ya Majid, na Majid hakumgusa. Kaka aliyeaibishwa mbele ya mji mzima, akamwacha mtu huyo aondoke salama amfuate dada yake. Huo ulikuwa msamaha wa pili.

Halafu ukaja mwaka 1870. Agosti, Heinrich aliangushwa na tramu Hamburg, akafa, akamwachia mjane watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Oktoba, Majid akafariki Unguja, akiwa bado kijana. Katika majira mamoja Salme alipoteza mume na ndugu pekee aliyewahi kumsamehe. Na kitini akakaa Barghash.

Yaliyoshindikana kwa barua, kwa baruti na kwa maiti wa Marseille, Barghash aliyapata kwa kungoja miaka 11. Ilikuwa ya nini basi? Usiku ule wote, wanawake warefu, askari waliodanganywa, ujana wa msichana, ya nini?

Nadhani Salme alipata tumaini. Aliyeketi sasa si yule niliyemwandikia barua? Si yule niliyemtoa katika mzingiro? Mwaka 1875 Barghash alizuru London, na Salme akasafiri kumfuata. Waingereza, waliokuwa na yao ya kutafuta kwa Sultani, wakamshawishi asimkabili. Mwaka 1885 alirudi Unguja, na manowari za Wajerumani, za kansela wao Bismarck, zikiwa bandarini, wakati Wajerumani hao hao wakimnyang'anya Barghash bara. Watu wa mji wakamfurahia, wakamfuata njiani. Barghash hakumfungulia mlango, wala urithi hakumpa.

Nimejaribu kumwelewa. Dada aliritadi, akazaa na mgeni, kisha akaja chini ya mizinga ya adui. Ningekuwa yeye, ningefungua? Na Barghash hakuwa mtu duni. Aliwaletea watu wa mji maji ya bomba, akajenga Beit al-Ajaib, iliyosimama kwa fahari mpaka sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020. Bado najiuliza kama hakukuwa na jambo la chini zaidi. Salme alimwona amevaa nguo za kike. Alijua barua zote zilisema nini, na nani aliahidiwa nini. Sultani anaweza kumsamehe adui. Je, anaweza kumtazama machoni shahidi?

Mwaka 1886 Salme alitoa kumbukumbu za maisha yake mjini Berlin, kwa Kijerumani. Mkono ule ule wa mfupa wa ngamia, wa barua za usiku, sasa ukaandika mchana, kwa jina lake, kila mtu asome. Aliandika habari za Mtoni alikozaliwa, kasri ambalo leo ni kuta bila paa kando ya bahari. Aliandika njama yote, na sehemu yake ndani yake. Sijui tulipe jina gani tendo hilo. Toba? Kisasi? Au alichoka tu kubeba peke yake jambo ambalo wenzake wote walikuwa wamelizika au wamezikwa nalo?

Barghash alikufa Machi 1888. Salme aliishi miaka 36 zaidi, mingi yake Beirut, akafa Jena, Ujerumani, Februari 1924, bila kuwahi kuonana tena na ndugu aliyempigania.

Vitabu vya historia humpita Majid upesi. Vinasema alikuwa mgonjwa, alikuwa dhaifu, aliegemea Waingereza. Yote hayo ni kweli. Lakini katika watoto wa Sayyid Said walioingia katika kisa hiki, wote waliotaka kitu na wote waliofichana kitu, mimi namwona yeye peke yake kuwa ndiye aliyebaki kaka.