Nani Analipia Kuhesabu?

Pita kwenye mbao za matangazo za chuo siku hizi, hutakosa karatasi ya kozi fupi ya Ufuatiliaji na Tathmini. Wiki mbili tu, cheti mkononi. Wengi tunaikimbilia kwa sababu ya ajira kwenye miradi, na sioni ubaya, maana mkopo tutakuja kudaiwa. Mimi mwenyewe nilihudhuria moja. Tulifundishwa viashiria mpaka tukavikariri, ila swali moja halikuguswa kabisa: kuhesabu kunagharimu kiasi gani, na nani analipa?

Swali hilo nilikutana nalo kazini. Likizo ndefu ya mwaka wa pili nilipata kibarua cha kuingiza takwimu kwenye mradi wa malaria uliokuwa ukiendeshwa kwa ruzuku ya wafadhili. Ripoti za mwezi zinatoka zahanati, mimi naziingiza kwenye kompyuta, basi. Mwezi wa pili msimamizi akanituma nikalinganishe ripoti na rejista zenyewe. Zahanati ya kwanza tu, ripoti inasema wajawazito 60 wamepewa SP, dawa ya kuwakinga na malaria. Nikafungua rejista, nikahesabu 41. Nikarudia. 41 ileile.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, wala hakukasirika. Alinionyesha kwamba rejista za mradi zilikwisha zamani, akanunua kaunta buku kwa hela yake na kupiga mistari kwa rula. Kuna siku aliandika kwenye kaunta buku, kuna siku kwenye karatasi, na karatasi nyingine zimepotea. Hapo bado vitabu vya MTUHA vinamsubiri: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha kliniki ya wajawazito, namba 12 cha leba, na vinginevyo. Akaniuliza, "Mwanangu, nikikaa nahesabu haya yote, ile foleni pale nje aihudumie nani?" Zahanati nzima ilikuwa na wahudumu wawili.

Niliporudi ofisini niliomba kuona bajeti. Hela ya uzinduzi ilikuwepo, fulana na kofia zilikuwepo, ukumbi wa mafunzo ulikuwepo. Ufuatiliaji ulikuwa mstari mmoja chini kabisa, una jumla yake tu bila mchanganuo. Ndani ya jumla ile hapakuwa na rejista hata moja. Na mstari usio na mchanganuo ndio rahisi kukatwa, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kitakachokosekana ukikatwa.

Sisi wa ualimu tunalijua jambo hili kwa jina lingine. Azimio la kazi lina safu ya tathmini, na huijazi muhula ukishaisha. Unaijaza kabla hujaingia darasani, pamoja na zana utakazotumia. Kazi za darasani na majaribio ya kila wiki ndiyo ufuatiliaji: unajua nani kabaki nyuma wakati bado kuna muda wa kumsaidia. Mtihani wa mwisho ndiyo tathmini, unakwambia kama somo limefika. Mwalimu akisubiri mtihani wa mwisho ndiyo agundue nusu ya darasa haikuelewa sehemu, amechelewa. Mradi wa afya nao ni hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba kule aliyebaki nyuma ni mgonjwa.

Sasa bajeti inapangwaje? Kwa nilivyoelewa mimi, unaanza na kiashiria, si na hela. Kwa kila kiashiria unajibu maswali manne: takwimu zinatoka kitabu gani, nani anaziandika, zinakusanywa kila baada ya muda gani, na nani anazihakiki. Kila jibu lina bei yake. Tuseme wilaya ina vituo 40 na kila kimoja kitembelewe mara moja kwa robo mwaka. Hizo ni ziara 160 kwa mwaka. Timu ikimudu vituo vinne kwa siku, ni siku 40 za kazi. Timu ikiwa na watu watatu pamoja na dereva, zinakuja posho za siku 160, ukiacha mafuta na matengenezo ya gari. Hapo hatujachapisha rejista, hatujanunua vocha za intaneti za kutuma ripoti, hatujafanya utafiti wa hali ya awali, na mtu wa kufanya tathmini ya mwisho hatujamlipa. Ukimaliza hesabu ndipo unajua kama unaimudu orodha yako ya viashiria 30, au unabaki na 10 unavyoweza kuvihesabu kweli. Kupunguza viashiria si aibu. Aibu ni kuandika 30 halafu kumwachia muuguzi ajaze kwa kukisia.

Wafadhili wenyewe wanalijua hili. Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanza 2002, umekuwa ukishauri kati ya asilimia 5 na 10 ya ruzuku ielekezwe kwenye ufuatiliaji na tathmini. Ushauri mzuri, lakini asilimia peke yake haisemi hela inafika wapi. Inaweza kuishia kwenye warsha na kompyuta za makao makuu, kaunta buku likabaki la muuguzi.

Kuna hatari nyingine, ya kumwachia mwenzako alipie kuhesabu kwako. Utafiti wetu wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulifanywa na ofisi zetu za takwimu, Bara na Zanzibar, kwa msaada wa kitaalamu wa programu ya DHS, ambayo Marekani ilikuwa ikiigharamia tangu 1984. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na mwezi uliofuata programu hiyo nayo ikasimamishwa. Yaani siku moja mwenye rula anaondoka na rula yake, na wewe bado una watoto wa kuwapima.

Kwa nini nawaandikia haya walimu watarajiwa? Kwa sababu na sisi tutahesabishwa. Mwaka 2013 vyandarua vilianza kugawiwa kupitia shule katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na kazi kama hiyo shuleni ni ya mwalimu: kuorodhesha wanafunzi, kugawa, kusaini fomu. Kesho ni dawa za minyoo, keshokutwa ni chanjo. Fomu italetwa ofisini saa nne, unatakiwa uirudishe kabla ya saa nane, na darasani una watoto 90.

Siku hiyo uliza kwa adabu, lakini uliza: muda wa kujaza hii umepangwa wapi, nakala nani anachapisha, na majibu yatarudi kwetu lini? Na wewe utakayepata kazi ya kuandika maombi ya ruzuku, kabla hujaandika kiashiria kimoja, panda daladala hadi zahanati ya mbali kuliko zote katika eneo lako, ukae benchi asubuhi nzima. Tazama nani anashika kalamu, na anaishika saa ngapi. Ukirudi, anza bajeti yako na kalamu hiyo.