Ukuta unaojipinda na chokaa ya ami

Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, upo ukuta wa bustani wa matofali unaokwenda kwa kujipinda, ingia toka, kama wimbi. Wenyeji huuita crinkle crankle. Nilidhani fundi alilewa. Kumbe mipindo hiyo ndiyo inayousimamisha: unene wake ni tofali moja tu, na ungenyooka ungehitaji nguzo za kuuegemeza. Upande wa kusini unashika joto la jua, ndiko ilikopandwa miti ya matunda.

Kipande kilipomeguka, nilimwambia mwenye nyumba nina rafiki na mfuko wa saruji, Jumamosi moja tu kazi imekwisha. Aliniangalia kama nimetukana. Nyumba imeorodheshwa kuwa urithi, na kwa sheria yao kilichokuwamo kiwanjani tangu kabla ya Julai 1, 1948 huhesabika sehemu ya nyumba, hata ukuta. Kuubomoa au kuuharibu sura bila kibali ni jinai. Gharama, lakini, ni za mwenyewe. Hilo hawalitangazi sana.

Miezi ikapita, kibali kikatoka, fundi akaja na ndoo za chokaa. Chokaa! Saruji, alisema, hufungia maji ndani, baridi ikiyagandisha tofali linabanduka uso.

Nilimpigia ami, Unguja, aliyejenga Mji Mkongwe tangu ujana. Kwetu nako sheria ipo: mamlaka ya uhifadhi tangu 1985, orodha ya UNESCO tangu 2000. Lakini mtu akiona ufa, hukimbilia saruji, na baada ya masika machache plasta inadondoka na ukuta wa mawe unatoka jasho. Sioni kwamba tumekosa sheria. Tumekosa wa kuchoma chokaa na subira ya kuingoja.

Tena husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyezuru Uingereza 1875, alizungushia kasri lake la Maruhubi ukuta mkubwa kwa kuiga kuta za bustani alizoziona huko. Kasri liliungua 1899. Huenda basi ukuta ule na huu wa hapa Suffolk ni binamu.

"Muulize huyo fundi wako," ami akasema, "chokaa anaivundika muda gani?"

Nikauliza. Miezi mitatu, au zaidi.

Simu ikawa kimya kidogo. "Basi anaijua."